Siku Karata za Babu Zilipoacha Kumwagika

Mjukuu wangu alinikuta uani naanika michembe. Viazi nilikuwa nimeshavimenya na kuvikata, sasa navipanga juu ya bati kimoja kimoja, maana vikilaliana vinaota ukungu katikati na hujui mpaka uviingize mdomoni. Akachuchumaa pembeni yangu akaanza kupanga na yeye, bila kuitwa. Nikajua ana shida. Mtoto huyu nimemlea mimi, na michembe haipendi, kuila wala kuianika.

"Bibi," akasema, "ile kompyuta inatakiwa ipigwe windo mpya."

Kupiga windo ndivyo mafundi wa hapa Shinyanga wanavyosema, maana yake kuitoa kompyuta akili yake ya zamani na kuitia mpya. Hilo nililijua. Nikamuuliza inaumwa nini.

"Haiumwi, imezeeka. Huo mfumo wake wa ndani, wenyewe walioutengeneza walishaacha kuuhudumia siku nyingi."

"Na mimi nimezeeka, hakuna anayenihudumia. Mbona hamnipigi windo?"

"Bibi, mwenzio sitanii."

Akanieleza. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda fildi, yale mafunzo ya kazini, kwenye maabara ya mgodi mmoja huko Geita. Lakini kabla ya kwenda, waliochaguliwa wanasomeshwa kwanza kwa mtandao, kila mtu akiwa kwao, na mtihani wanaufanya hukohuko kompyuta ikiwatazama usoni wasiibie. Kompyuta yetu ilikuwa inakataa kuyafungua hayo masomo. Inaandika kwamba imepitwa na wakati, halafu inanyamaza. Kwenye simu hayafunguki. Alijaribu steshenari mjini, umeme ukakatika yuko katikati ya maswali, na wale waliokuwa wanasubiri kuchapa kadi za harusi wakaanza kunong'ona.

Niseme ukweli, mtoto huyu ananivimbisha kichwa. Baba yake, mwanangu wa kwanza, aliingia kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Bugarama, akiwa kijana bado, anashuka shimoni kwa kamba na tochi kichwani, akitoka amepakaa vumbi kama mtu aliyeangukia pipa la unga. Sasa anaendesha lori huko, namshukuru Mungu, lakini ile miaka ya shimo nililala nimekunja ngumi. Binti yake hatashuka. Yeye atakaa mezani amevaa koti jeupe, watamletea jiwe, na atawaambia lina dhahabu au halina. Nimeshawatangazia kanisani. Nimewatangazia sokoni. Siku moja nilimweleza dereva wa bajaji, mtu hata hanijui, mpaka akapitiliza kona ya kwangu.

Kwa hiyo jibu lilikuwa jepesi. Ipigwe hiyo windo, mtoto asome. Lakini sikulitoa. Nilimwambia tumalize kwanza michembe. Kompyuta ile haikuwa yangu, wala yake. Ni ya babu yake.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Wakulima wakija na pamba yao, yeye ndiye anasimama pale anasoma mizani, na alikuwa mtu wa haki, mpaka watu wengine walikuwa wanakaa na mizigo yao pembeni wanasubiri zamu yake ifike. Alipostaafu, mwanetu akamletea hii kompyuta. Ilikuwa ya ofisi moja huko kwenye madini, wakapata mpya, wakaigawa. Mzee akajifunza peke yake, kwa ubishi. Anagombana nayo mchana kutwa, anaiita mpumbavu, jioni anaifunika kitambaa nilichokifuma mimi kama anamfunika mtoto.

Kusahau kulimwanza pole pole. Siku moja alikwenda mnadani kununua mbuzi, akarudi na kamba. Kamba tupu. Akanikabidhi mkononi kwa furaha, kama vile mbuzi yupo anatembea nyuma. Mimi nikaipokea kamba, nikasema asante, nikaenda kuifunga kwenye mti. Ningefanyaje? Baadaye akasahau njia ya kanisani. Akasahau majirani, akasahau watoto, na mwisho akanisahau na mimi. Ananiita mayu, ambalo kwa Kisukuma ni mama. Sijui kama ananiita mama wa watoto wake au mama yake aliyemzaa. Sijamuuliza.

Lakini mikono yake haikusahau kompyuta. Kila asubuhi akishakunywa chai anavaa kofia yake ya kazini, anakaa. Lile sanduku lenyewe, sipiyu, liko chini ya meza, basi analiwasha kwa kidole gumba cha mguu. Anaweka mikono magotini anasubiri. Likishatoa ule mlio wake wa kuamka, mkono unakwenda wenyewe kwenye mausi, unashuka kona ya chini, unapanda, unabonyeza, na karata zinafunguka. Hasomi kitu. Macho yenyewe hayaoni vizuri hata ukutani. Ni mkono tu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, na bado sijawahi kuifikia hiyo kona haraka kama yeye.

Anacheza taratibu. Nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Karata ya mwisho ikikaa mahali pake, zote zinaanza kuruka kutoka juu, zinadunda chini kama mpira, zinamwagika kioo kizima. Hapo mzee anacheka. Anacheka kwa tumbo, kofia inamtoka. Na akishacheka, ananiita.

Si mayu. Ananiita kwa jina langu. Lile la nyumbani, alilonipa bibi yangu, ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai analitumia. Sitaliandika hapa. Mimi niko jikoni, mikono ina unga, naitika, "Abee." Nikifika mlangoni ananiuliza jambo la mtu mwenye akili zake. Mvua imenyesha kwa kaka yako? Mbona umekonda? Ule mguu bado unakusumbua? Tunaongea. Hatuongei sana, chai ikipoa na yeye ameshaondoka, ananitazama kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Lakini ameniita, nimeitika, siku yangu imekwenda.

Mjukuu alikuwa ananicheka kwa hilo. "Bibi, ukiitwa unaitika kama mwari."

"Na wewe subiri uitwe," namwambia, "tutakuona."

Sasa ndiyo mnaona uzito wangu ulipokaa. Windo mpya ikiingia, mtoto anakwenda Geita. Lakini je, mkono wa mzee utaikuta ile kona? Na asipoikuta, nani ataniita?

Tulipomaliza michembe nikamuuliza mtoto wazi wazi. "Zile karata za babu yako zitabaki?"

"Karata hata kwenye mpya zipo, Bibi. Nzuri kuliko hizi, zinang'aa."

"Sijauliza kung'aa. Zitakaa palepale?"

"Nitaziweka palepale. Nitapanga kila kitu mahali pake, hatajua."

Nikawaza siku nzima. Nikamkumbuka mama mkwe wangu. Tulipomtoa kijijini kumleta hapa Ibadakuli alikuwa ameshazeeka sana, na tulitanguliza kigoda chake na kata yake ya maji na ile ngozi aliyokuwa analalia. Tukavipanga kama vilivyokuwa kwake, ndipo tukamleta. Aliingia, akakalia kigoda chake, akaomba maji, akakaa na sisi mpaka mwisho wake bila kuuliza kwao ni wapi. Kwetu ndivyo tunavyowahamisha wazee. Nikasema basi na kompyuta tutaifanya hivyohivyo. Meza ileile, kiti kilekile, mausi yake ileile iliyofutika rangi, kitambaa kilekile. Nyumba mpya, vyombo vya zamani.

Nikampa mtoto ruhusa.

Tulikwenda wote mjini. Sipiyu niliipakata kwenye bajaji nimeizungushia kanga, mtu angedhani nampeleka mtoto kliniki. Fundi ana kibanda chake karibu na soko. Kijana mwenye adabu, akatupa shikamoo, akafungua lile sanduku, akakaa analitazama.

"Mama, humu ndani mmelima nini?"

"Vumbi la Ibadakuli hilo, mwanangu. Ndege zikishuka uwanjani linakuja lote kwangu."

Akapuliza, tukakohoa wote watatu. Akaangalia, akagonga gonga. "Mashine nzee, lakini ina moyo. Tatizo lake kumbukumbu ni ndogo. Nitaiongezea kumbukumbu, na diski nitaweka nyingine mpya."

"Kwani kumbukumbu inauzwa?"

"Ipo mama, hata sasa hivi ninayo."

"Basi nipimie na ya mzee wangu."

Fundi alicheka sana. Mjukuu hakucheka. Alinishika mkono, akaushikilia mpaka fundi alipofunga skrubu ya mwisho. Wakati wa kuondoka fundi akatukabidhi ile diski iliyotoka, kijisanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, amekifunga kwenye gazeti. Akasema tusikitupe, mambo yetu yote ya zamani yamo. Nikakitia kwenye pochi pamoja na rozari yangu.

Kesho yake asubuhi mimi na mjukuu tulisimama mlango wa jikoni tukajifanya tunachambua choroko. Mzee akanywa chai. Akavaa kofia. Akakaa, akawasha kwa kidole cha mguu, akaweka mikono magotini.

Mlio haukuja. Hii mpya inaamka kimya. Kioo kikawaka chenyewe, kina picha ya milima yenye theluji, na mzee bado anasubiri mlio. Alisubiri mno. Mjukuu akataka kwenda, nikamshika gauni. Mwishoni mkono ukanyanyuka, ukashika mausi, ukashuka kona ya chini. Pale karata zilikuwepo, mtoto alikuwa ameziweka kama alivyoahidi. Zikafunguka. Lakini kabla ya karata likaja tangazo, mwanamke anacheza na sabuni, halafu ikataka aandike jina lake. Mzee akabonyeza. Ikamuuliza tena. Akabonyeza tena.

Akaiachia mausi. Hakugomba, hakuiita mpumbavu. Ningefurahi kama angeiita mpumbavu. Akavua kofia, akasimama, akanifuata kwa heshima zote.

"Mayu, samahani. Nimepotea. Kwetu ni wapi?"

Nikamwambia ni hapa, baba, umefika. Akanishukuru. Akatoka, akakaa uani kwenye kivuli cha ukuta, anatazama lango.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi anakunywa chai, anapita pembeni ya meza kama anavyopita kwenye kabati, anatoka nje. Kofia ikabaki msumarini. Mjukuu akayafuta yale matangazo, akabadilisha hili na lile, akaita babu, babu njoo uone. Babu anakuja, anakaa, anamsikiliza kwa adabu, anasema hongera binti, anaondoka. Nyumba ikawa kimya. Mimi niko jikoni, mikono ina unga, na natega sikio kama mjinga.

Mtoto alikuwa anasoma. Lile somo lilifunguka vizuri, nilikuwa nasikia mwalimu wao anaeleza namna ya kusaga jiwe na kulipima, na yeye anaandika. Lakini nilimwona alivyo. Akisikia miguu ya babu yake inapita, anaacha kuandika mpaka ipite.

Jioni moja alinikuta nawafungia kuku. Akasimama na uso umevimba.

"Bibi, turudishe ya zamani. Nimeamua. Fildi nitaomba tena mwakani."

"Nani amekuambia mwakani kuna mtu anakusubiri?"

"Babu amekuwa vile kwa ajili yangu."

"Babu yako amekuwa vile kwa ajili ya uzee. Usijipe ukubwa." Nilikuwa mkali, maana ningelegea hata kidogo tungelia wote wawili mbele ya kuku. "Baba yako alishuka shimoni ili wewe usishuke. Halafu uniambie unabaki hapa kwa sababu ya karata?"

"Sasa tufanyeje? Kompyuta ni moja."

"Sijui. Kaa hapo chini."

Akakaa kwenye ndoo. Na mimi nikakaa. Nikaanza kumhadithia mambo ya kwetu, si kwamba nilikuwa na jibu, nilitaka tu asilie. Nikamwambia kwetu baba yangu alikuwa na ng'ombe na alikuwa na eneo lake la malisho, lakini hakulichunga lote. Upande mmoja alikuwa anaufunga. Ngitili hiyo. Mvua zikianza ng'ombe hawaingii humo, watoto hatuingii, nyasi zinaachwa zinajikalia. Huku kwingine kunachungwa kila siku, kunakanyagwa, kunabadilika. Kiangazi kikikaza ndipo anafungua ule upande, na ng'ombe wazee na wenye ndama ndio wanaotangulia. Ardhi ni moja hiyohiyo, ila ina pande mbili na kila upande una ruhusa yake.

Nilipofika hapo nikajisikia nilichokisema. Na yeye alikuwa ananitazama.

"Bibi, ile diski ya zamani iko wapi?"

"Kwenye pochi. Na rozari."

"Zinaweza kukaa zote mbili humo. Nilishasoma kitu kama hicho, sema sikufikiria kwa mashine nzee kama yetu. Ukiwasha, inakuuliza uingie wapi." Akasimama kwenye ndoo. "Lakini ya babu haitagusa mtandao kabisa. Haina mlinzi sasa, virusi vitaingia."

"Si ndiyo ngitili hiyo. Zungushia uzio."

Safari hii alikwenda mwenyewe. Fundi alimwambia bibi yenu anatusumbua, lakini akafanya. Iliporudi, mtoto akanionyesha. Ukiwasha, kwenye kioo cheusi yanatokea maneno mawili, moja juu, moja chini. Nikayasoma kwa kidole. Juu pameandikwa Babu, chini pameandikwa Shule.

"Asipobonyeza kitu?" nikauliza. "Yeye hatabonyeza."

"Asipobonyeza inaingia kwa Babu yenyewe. Mimi ndiye nibonyeze kwenda kwangu."

"Na ukisahau siku ya mtihani?"

"Sitasahau, Bibi. Mimi ndiye mwenye kumbukumbu."

Nilimpiga kofi la mgongoni kwa neno hilo, lakini dogo.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe mzee alishaizira ile meza. Asubuhi alipita. Kesho yake akapita tena. Tuliacha kompyuta imewashwa, karata zimefunguka tayari, hakugeuza hata shingo. Mjukuu akasema tumechelewa, mkono nao umesahau. Na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Siku hiyo nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Mzee yuko uani anapukuchua mahindi, nami nikanawa mikono, nikavuta kile kiti chake, nikakaa. Nikavua kandambili. Nikatafuta kile kitufe chini ya meza kwa kidole cha mguu kama ninavyomwona anafanya, nikakikosa, nikalipiga teke sanduku, nikakipata. Maneno mawili yakaja, yakasubiri, yakaondoka. Na ule mlio wa zamani ukatoka.

Nikasikia uani mahindi yameacha kudondoka kwenye ungo.

Akaingia. Akasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikashika mausi, nikawa naizungusha tu kioo kizima, kile kimshale kinakimbia kama panzi, hata kona siioni.

"Mayu," akasema.

"Unasemaje?"

"Umekalia kiti changu."

"Kwani kimeandikwa jina?"

"Cha kwangu hicho. Na hivyo unavyoshika utaivunja."

Niliondoka polepole, nisimwonyeshe uso wangu. Akakaa. Akatazama huku na huku, akaniambia nimletee kofia. Nikamletea. Mkono ukashuka kona, ukapanda, ukabonyeza. Karata zikafunguka, zilezile chakavu zisizong'aa.

Akacheza, ila hakumaliza. Mkono unaijua njia, lakini kuzipanga kunamchosha sasa. Anafika katikati anashika karata moja hajui pa kuiweka, anaishikilia hewani mpaka usingizi unamchukua. Siku zikaenda hivyo. Asubuhi yeye kwa karata zake, mchana mtoto kwa mawe yake, kiti hakipoi. Karata hazikumwagika. Sikuitwa. Nikajiambia yatosha, kofia inatoka msumarini, yatosha hiyo.

Mtoto alifanya mtihani wake nikiwa nimefunga mlango na kumfukuza jogoo asiwike dirishani. Alifaulu. Baba yake alikuja na lori la watu kumchukua, akamsalimia mzee, mzee akamwambia shikamoo, na mwanangu yule mkubwa, mwenye mikono kama majembe, akageukia gurudumu akajifanya analikagua. Nilimfungia mtoto mfuko wa michembe. Akaupokea kwa mikono miwili, hakusema haipendi. Akanifundisha tena namna ya kwenda upande wake nikitaka kumwona uso akiwa huko: bonyeza mshale wa chini, Bibi, mara moja tu, halafu subiri. Akamwinamia babu yake akamshika kichwa. "Babu, nakwenda kupima dhahabu." Mzee akasema, "Soma mizani vizuri. Usimpunje mtu."

Hakujua ni nani. Lakini alisema.

Walipoondoka nyumba ilibaki kubwa. Asubuhi nikamwekea chai, akanywa, akavaa kofia, akawasha. Mimi sikwenda jikoni. Nilivuta kigoda cha mama mkwe, bado ninacho, nikakaa pembeni yake. Sikujua kucheza. Lakini nilikuwa nimemtazama miaka, na nyekundu na nyeusi nazijua. Alipofika pale pa kukwama, karata iko hewani, mkono umeanza kulegea, nikaweka mkono wangu juu ya wake. Haukushtuka. Una baridi na ngozi yake imekuwa laini kama karatasi ya sigara, na mimi wangu una magamba ya moto. Tukaivuta pamoja. Nyekundu juu ya nyeusi. Mahali pengine nilikosea, karata ikarudi yenyewe, mzee akacheka puani. Tukaivuta nyingine. Chai ya kwangu ikapoa mezani sijaigusa. Jua likatoka mlangoni likafika kwenye miguu yetu.

Ya mwisho ilikuwa mfalme mwekundu. Tukamkalisha.

Zikaanza kuruka. Moja, halafu zote, zinadunda, zinamwagika kioo kizima mpaka hapaonekani mahali patupu. Kofia ikamtoka. Nikainama kuiokota chini ya meza, na nikiwa bado nimeinama huko, kichwa kiko karibu na lile sanduku linalovuma, nikasikia jina langu.

"Abee," nikaitika.